Puto la intaneti juu ya Sigowet

Msee, ukiwa Nairobi 2020 labda ulisoma kwa Zoom. Sasa jiweke kwa viatu vya mwalimu mkuu wa shule ya kutwa Sigowet. KICD ilirusha masomo redioni na kwa runinga, sawa. Lakini simu ya nyumbani ni moja, na mama ameenda nayo kuchuma chai. Utafundisha wachache wenye bando, kisha utahini wote?

Julai, Loon na Telkom wakaleta maputo ya intaneti hadi anga ya Kericho na Bomet. Mtandao juu, simu wapi? Mwezi huo huo Waziri Magoha akafuta mwaka wa masomo.

Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 4, 2021. Wiki chache baadaye Loon ikatangaza inafunga. Mwalimu mkuu bado anaita rejista.