Uzazi wa yaya nao ni uzazi

Mwalimu wa kike wa Tanzania Bara anapojifungua hupewa likizo ya siku 84 yenye malipo, na akijifungua watoto zaidi ya mmoja hupewa siku 100. Akirejea kazini ana haki ya kupewa muda usiozidi saa mbili kila siku ili amnyonyeshe mtoto wake. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe likizo. Haki hizi hazikudondoka kutoka mbinguni. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1975, likizo ya uzazi yenye malipo ilikuwa ya mwanamke mwenye mume. Asiye na mume alionekana kuwa mkosaji, na mtoto wake mchanga akaadhibiwa pamoja naye. Taifa lilikataa dhuluma hiyo, kwa sababu mtoto hazaliwi na cheti cha ndoa mkononi.

Sasa yafaa kuuliza: siku ya 85 mtoto huyo hubaki na nani?

Hubaki na msichana aliyeletwa kutoka Singida, Iringa, Dodoma au Lushoto, ambaye huamka kabla ya wenye nyumba na kulala baada yao. Ndiye achemshaye maziwa, afuaye nepi na kumbembeleza mtoto anapoota meno. Bila yeye mwalimu asingeingia darasani, karani asingefika ofisini, na mkurugenzi asingehudhuria semina hata moja. Kila daftari lisahihishwalo na kila jalada lisogezwalo na mama mwenye mtoto mchanga lina jasho la msichana huyo ndani yake. Hata hivyo, siku yeye anapogundulika kuwa na mimba, zile siku 84 hugeuka kuwa dakika ishirini za kukunja nguo. Hupewa nauli ya basi, na mara nyingine hata mshahara wa mwezi ule hakatiwi. Jioni ile ile simu hupigwa kijijini kutafuta mwingine.

Yupo atakayedhani kwamba sheria ina mwanya hapa. Haina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikusema popote kwamba mfanyakazi ni yule mwenye meza na kiti. Likizo ya uzazi ni yake yaya kama ilivyo ya katibu mkuu. Mapumziko ya kila wiki ni yake, likizo ya mwaka ni yake, na sheria hiyo hiyo inatamka kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Na wanaoivunja katika maelfu ya nyumba si makabaila wala mabepari kutoka ng'ambo. Ni watumishi wa umma, watu waliosoma, wanaojua kukokotoa pensheni yao hadi senti ya mwisho na kuandika barua tatu kwa mwajiri posho yao inapochelewa kwa wiki mbili. Ujuzi huo wa haki huachwa mlangoni pamoja na viatu.

Utetezi wa kwanza wa watu hawa ni kwamba msichana huyo si mfanyakazi, ni ndugu. “Huyu tunaishi naye kama mtoto wetu,” husema. Neno ndugu lina historia nzito katika nchi hii. Ahadi ya kwanza ya mwanachama, tangu enzi ya TANU, humfanya akiri kwamba binadamu wote ni ndugu zake, na maana yake ni kwamba asiwepo mtu wa kumtumikisha mwenzake kwa sababu ya unyonge wake. Leo neno hilo hilo limefanywa shuka la kufunika unyonyaji. Ni ndugu yupi huyo anayekula jikoni wakati wengine wako mezani? Ni mtoto yupi wa nyumba asiyejulikana siku yake ya kuzaliwa, asiyepelekwa shule, asiyeruhusiwa kwenda kumzika bibi yake hadi apatikane wa kumshikia zamu? Undugu unaotajwa wakati wa kukwepa mkataba na kusahauliwa wakati wa kugawa nyama ni ulaghai.

Inachekesha kidogo kuona namna majina yalivyobadilika. Wakoloni walimwita mtumishi wa nyumbani boi, hata akiwa mzee mwenye mvi na wajukuu. Baadaye tukapata yaya, kisha hausigeli, kisha msichana wa kazi. Siku hizi waungwana husema dada. Kila jina limekuwa na adabu kuliko lililotangulia, lakini saa za kazi ni zile zile.

Utetezi wa pili ni wa mfuko: mshahara wa mtumishi ni mdogo, naye atatoa nini? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani kweli mwalimu si tajiri. Lakini amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, haikumwomba mwalimu autoe moyo wake. Kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi, nazo zipo nyumba za wasomi ambazo hata hizo hazikuzitoa. Julai 2025 kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na furaha ilikuwa kubwa. Ni nyumba ngapi ambazo mwezi ule yaya naye aliongezewa hata shilingi elfu kumi? Mwenye kudai nyongeza kwa serikali kwa jina la ugumu wa maisha, kisha akamwambia yaya kwamba maisha ni magumu kwa hiyo hakuna nyongeza, ametumia hoja moja kwa faida ya upande mmoja tu.

Utetezi wa tatu husemwa kwa hasira: mayaya wengine huwatesa watoto. Ni kweli, wapo, na anayempiga mtoto mchanga apelekwe mbele ya sheria. Lakini mtu mzima na ajiulize ni hali gani ya moyo inayotarajiwa kwa msichana anayelala saa tano kwa usiku, asiye na siku ya kupumzika, anayeitwa kwa kufokewa, na ambaye pengine mtoto wake mwenyewe wa mwaka mmoja ameachwa kwa bibi kijijini. Hilo la mwisho si jambo la nadra. Huko kijijini yupo mtoto anayekua bila mama ili mtoto wa mjini asikose mlezi. Mama yake humwona mara moja kwa mwaka, akiruhusiwa, na mtoto humkimbia kwa sababu hamjui. Watumishi wangapi wamewahi kumwuliza yaya wao kama ana mtoto, na jina la mtoto huyo ni nani?

Wanaume nao wasijifiche nyuma ya khanga. Ugomvi huu huelezwa kila mara kuwa wa wanawake wawili, mwenye nyumba na msichana wake, kana kwamba baba ni mgeni aliyepita kuomba maji. Yeye hula chakula kilichopikwa na huyo msichana, huvaa shati alilolipiga pasi, na hulala usingizi wakati mtoto wake analia mgongoni mwa mwingine. Tena si mimba zote za mayaya zilizopatikana sokoni au kwa dereva wa bodaboda. Nyingine ni za humo humo ndani, na mhusika huwa wa kwanza kupendekeza kwamba msichana arudishwe kwao haraka.

Na walimu wana deni la pekee. Wao ndio huona madawati yanavyobaki wazi baada ya darasa la saba, na mara nyingine kabla yake. Mwalimu wa kijijini hupigiwa simu na rafiki yake wa mjini amtafutie “binti mwenye adabu, asiye na mambo mengi”, naye humtazama mwanafunzi wake na kuona bidhaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata aliyefika umri huo hairuhusu afanyishwe kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu anayekuwa dalali wa kazi hiyo amefukuza mwanafunzi bila kuandika barua.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ulipiga marufuku ubwana, dharau na uonevu wa viongozi. Wafanyakazi wa viwandani waliisoma ibara ile wakawakabili mameneja wao nayo. Msichana wa jikoni hana kiwanda, hana mwenzake wa kugoma naye. Chama cha wafanyakazi CHODAWU kimo katika kazi ya kuwaandikisha wafanyakazi wa majumbani, lakini geti likifungwa ofisa wa chama hicho hapiti.

Hapana budi basi wapite wale wanaoweza kupita. Wizara, halmashauri na shule kubwa zifungue vituo vya kulelea watoto mchana, ili mzigo wa malezi usiishie mgongoni mwa msichana mmoja aliyefungiwa ndani. Maofisa wa kazi wasiishie kukagua viwanda na mahoteli. Na balozi wa shina, ambaye hujua nyumba ipi ina mgeni na ipi ina msiba, anaweza kujua pia ni nyumba ipi ina yaya, ana umri gani, ana mkataba au hana, na kama ni mjamzito atajifungulia wapi na atarudi lini kazini. Ukaguzi huo uanzie nyumbani kwa balozi mwenyewe, kisha kwa katibu wa tawi.