Mwenzako wa gemu mpime akishindwa

Wenzetu, tuanze na ukweli: Free Fire tunacheza. Tunacheza jioni jua likipoa, pale wanapochajia simu, na mwenye bando anawagawia wengine. Tuliichagua kwa sababu inakubali simu ndogo, na mechi moja ni kama dakika 10 hivi. Watu 50 wanashuka kisiwani, nyinyi mko wanne, na kikosi kinachobaki mwisho ndicho kimeshinda. Lakini shida yetu siyo wale 46 tunaopigana nao. Shida ni hawa tulio nao upande mmoja.

Tuseme kilichotupata. Kikosi chetu kilikuwa na vijana wa makabila matatu. Siku moja mmoja aliangushwa mapema. Katika gemu hii ukiangushwa unatambaa, mwenzako akikuwahi anakuinua. Mwenzake hakumwahi. Basi jamaa akaanza kutukana kwenye maiki. Hakutukana uchezaji wa yule, alitukana kabila lake, kwa maneno yale yale tuliyoyasikia kabla ya kukimbia kwetu. Simu ilikuwa kwenye spika. Kila mtu pale alisikia, na dada wa yule aliyetukanwa pia. Kesho yake bombani, mama wawili waliozoea kutwishana madumu hawakusalimiana. Ilibidi wazee waitwe, na mambo yalichukua karibu wiki tatu kutulia. Gemu yenyewe ilikuwa imeisha zamani.

Kuna wanaosema: aa, gemu ni gemu, matusi ni sehemu ya mchezo. Sisi hatukubali. Kijana wa mjini akitukanwa na mtu asiyemjua anamfungia, anazima simu, yameisha. Hapa kambini uliyemtukana kesho yuko mbele yako kwenye foleni ya chakula, na nyumba yake imepakana na yenu. Utamfungia wapi?

Ndiyo maana tumebadilisha namna ya kutafuta watu. Zamani tulikuwa tunaangalia nani ana cheo kikubwa na nani anapiga sana vichwa. Sasa tunamwalika mtu acheze nasi mechi tatu, na tunangoja tushindwe. Hapo ndipo tunamjua. Je, anasema "hapa nilikosea", au kila kosa ni la mwenzake? Mwenzake akianguka anarudi kumwinua, au anakimbilia kuokota vitu? Bando likikaribia kuisha anatuambia kabla hatujaanza, au anapotea katikati na kutuacha watatu?

Na tusidanganyane kuhusu umri. Tuna mdogo wetu wa miaka 16 ambaye wote wakipandisha hasira yeye anasema tu, "Tupumue, tuingie nyingine." Tena tumewahi kumwondoa kaka mwenye mke na mtoto kwa sababu ya mdomo. Kukomaa hakupimwi kwa ndevu.

Wadogo wetu, kuna hili pia. Mtu mzima usiyemjua akikuahidi almasi za bure, kisha akaomba neno lako la siri, au picha, au muongee faraghani, huyo siyo mwenzako wa timu. Mfungie, mripoti, na umwambie mkubwa unayemwamini. Mwenzako wa kweli anataka ucheze vizuri tu, hana siri na wewe.

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua mkitukuta na simu mnasema tunapoteza muda. Wakati mwingine ni kweli, usiku tunazidisha. Lakini Lual Mayen kutoka Sudan Kusini alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, mama yake akaweka akiba miaka mitatu kumnunulia kompyuta, na akatengeneza gemu inayoitwa Salaam, inayohusu amani. Hatusemi sote tutakuwa kama yeye. Tunasema gemu siyo adui.

Kwenye semina zenu za amani tunaandika vizuri ukutani kwamba sisi sote ni ndugu. Mtihani wake tunaufanya jioni, tumeshindwa mara ya nne, na aliyekosea ni wa kabila lingine. Njooni mkae nasi saa hiyo. Hatuombi simu. Tunaomba jioni moja kwa wiki pale kituo cha vijana, na mtu mzima mmoja wa kusikiliza tunavyoongea.

Yule jamaa aliyetukana alirudi baadaye. Alikwenda kwanza nyumbani kwa mwenzake, akaomba msamaha mbele ya mama, ndipo akaja kwetu. Tulimpokea. Juzi aliangushwa tena mapema, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Endeleeni, nawaangalizia nyuma." Mechi hiyo hatukushinda. Lakini tulirudi nyumbani pamoja, wote wanne.