Msimlaze Mgonjwa Kabla ya Kisu

Habari ikishafika nyumbani kwamba mama ana kansa na atafanyiwa upasuaji mwezi ujao, mambo mawili hutokea kabla jua halijazama. La kwanza, ananyang'anywa ufagio. Ndoo inabebwa na mkwe, jikoni anaingia binti, genge lake la nyanya linakabidhiwa mjukuu, na godoro linatandikwa sebuleni karibu na dirisha apate upepo. "Pumzika, mama, ujikusanyie nguvu." La pili, simu zinaanza kulia. Shangazi amesikia kuwa sukari hulisha kansa. Jirani ametumiwa ujumbe unaosema nyama, mayai na maziwa ni sumu kwa mgonjwa wa aina hiyo, na kwamba dawa ni majani ya mstafeli yaliyochemshwa. Mama anatii, maana wote wanaosema wanampenda.

Wiki nne baadaye anafika hospitali gauni likimpwaya, akihema kwa kutembea kutoka getini hadi mapokezi. Ukoo mzima unailaumu kansa. Sehemu ya lawama hiyo ni ya ukoo.

Imani inayoendesha haya yote ni kwamba nguvu za mtu ni kama maji ya pipa: usipoyachota, yanabaki yamejaa. Imejaa huruma imani hii, na ni ya uongo. Msuli usiotumika hubomolewa na mwili wenyewe, tena haraka kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya njema, wa umri wa miaka 20, kwa wiki tatu mfululizo. Mwaka 1996 wakatafutwa watu wale wale, sasa wana miaka 50 na vitambi vyao, wakapimwa upya. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa mazoezi ulikuwa umeshushwa zaidi na zile wiki tatu za kitandani kuliko na miaka 30 ya kuzeeka. Msomaji anaweza kuirudia sentensi hiyo, haikukosewa. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotoka mwaka 2007, uliwalaza wazee wazima kwa siku 10 tu, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote, na sahani ilikuja kwa wakati. Mgonjwa wa kansa analala huku ugonjwa nao unamla misuli kwa upande wake.

Kwa nini msuli uwe na maana kubwa hivyo kwa mtu anayekwenda kupasuliwa tumbo au kifua? Kwa sababu kisu kikishapita, moyo hulazimika kusukuma damu zaidi, mapafu hufanya kazi ya ziada, na mwili huanza kuvunja misuli yake ili upate protini ya kujenga kidonda na kupambana na vijidudu. Uzi wa daktari hushikilia tu kingo za jeraha. Kinachoziunganisha hutoka mwilini mwa mgonjwa, na aliyekwishaimaliza akiba yake sebuleni hana pa kuitoa.

Jambo hili si ugunduzi wa juzi. Mwaka 1936 daktari mmoja wa Cleveland, Hiram Studley, aliwaangalia wagonjwa waliopasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepungua zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya operesheni, mmoja kati ya watatu alikufa. Waliopungua chini ya hapo, walikufa wasiozidi wanne katika kila mia.

Kwetu Afrika somo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za bara hili. Walikufa 2 katika kila 100, mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi mno kati yao hawakufa siku ya upasuaji bali siku zilizofuata. Watu huiogopa meza ya upasuaji, kumbe hatari kubwa iko wodini: nimonia, usaha kwenye kidonda, damu kuganda mguuni. Sababu mojawapo ni uhaba wa wataalamu, na uhaba huo hauponi kwa mgonjwa kuzunguka nyumba asubuhi. Lakini pale ambapo muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima usiku, mgonjwa anayeweza kuinuka mwenyewe, kukaa na kukohoa kwa nguvu ana faida ambayo hakuna atakayempa akishafika huko. Ni lazima aje nayo.

Na faida hiyo hutengenezwa. Mwaka 2023 jarida la JAMA Surgery lilitoa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi kadhaa, likiongozwa na Waholanzi, kwa wagonjwa 251 wa kansa ya utumbo mpana. Nusu yao walipewa wiki nne za maandalizi kabla ya kupasuliwa: mazoezi mara tatu kwa wiki chini ya msimamizi, lishe yenye protini ya kutosha, ushauri wa kutuliza hofu, na msaada wa kuacha sigara kwa wavutaji. Nusu nyingine walisubiri tarehe yao kama kawaida. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yaliwapata 17 katika kila 100 wa kundi la kwanza. Katika kundi la pili, 30.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi zenye fedha, zenye gimu hospitalini na baiskeli za kukanyagia. Hao watazame jaribio la Australia na New Zealand, lililochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 441 waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa wa sehemu ya juu ya tumbo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kijitabu. La pili likapewa kijitabu hicho hicho na dakika 30 za kukaa na mtaalamu wa fiziotherapia, mara moja tu, kabla ya siku ya upasuaji. Akawaeleza kwa nini mapafu hujaa makohozi baada ya usingizi wa dawa, akawafundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, akawasisitizia waanze mara tu watakapozinduka, na warudie kila saa. Matatizo ya mapafu yakashuka kutoka 27 hadi 12 katika kila 100. Mashine haikuhitajika hata moja. Ilihitajika nusu saa na mtu wa kueleza.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Maandalizi haya si hirizi. Mwaka 2020 watafiti wa Montreal, Kanada, mji ambao umelishughulikia suala hili kwa miaka mingi, waliwafuatilia wazee 110 dhaifu wenye kansa ya utumbo mpana, na hawakuona tofauti ya matatizo kati ya walioandaliwa kabla na waliosaidiwa baada ya upasuaji. Mwenye kansa iliyoingia kwenye mifupa, mwenye maumivu ya kifua, mwenye upungufu mkubwa wa damu au anayevuja damu asianze mazoezi bila daktari kumpima. Na tarehe ya upasuaji isisogezwe mbele kwa visingizio vya mtu kutaka "kujiandaa kwanza". Wiki zenyewe tayari zipo. Foleni ya upasuaji, vipimo, tibakemia inayotangulia kisu: muda huo upo kwenye kalenda, na leo hii unamalizikia kwenye godoro.

Turudi kwa shangazi na sukari yake. Kauli yake ina punje ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba seli za kansa humeza sukari nyingi kuliko seli za kawaida. Ila mwili hauruhusu sukari ya damu iishe. Mtu akiacha kula, ini hutengeneza sukari yenyewe, na malighafi mojawapo ni protini inayong'olewa kwenye misuli. Kwa hiyo mgonjwa anayejinyima chakula hailazi njaa kansa; anailaza njaa miguu yake. Mwenye kisukari ana sababu yake ya kudhibiti sukari kabla ya upasuaji, na hilo ni suala jingine kabisa. Soda na peremende si lishe kwa yeyote. Lakini ugali, wali na viazi havina hatia hapa.

Mayai na nyama ndiyo havina hatia zaidi. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanapendekeza mgonjwa wa kansa apate zaidi ya gramu 1 ya protini, na ikiwezekana hadi gramu 1.5, kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji zaidi ya gramu 60, na ikiwezekana hadi 90. Yai moja lina gramu kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kikombe cha maziwa 8. Dagaa wakavu, ambao wengine huwadharau kuwa chakula cha shida, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mtu hawezi kuzifikia gramu hizo kwa juisi na majani yaliyochemshwa. Majani yenyewe ya mstafeli hayajathibitishwa kumponya binadamu yeyote mwenye kansa, na anayeyatumia amwambie daktari wa usingizi asimfiche, kama atakavyomwambia kuhusu kila dawa ya asili.

Katika ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, kuna kansa ya umio kwa wingi usio wa kawaida. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, inajulikana kwa kuwahudumia wagonjwa hao. Mtu wa aina hii chakula kinakwama kooni muda mrefu kabla hajamwona daktari; anafika hospitali amekwisha. Anahitaji uji mzito wenye maziwa, karanga zilizosagwa na yai, na uji ukishindikana, mpira wa kumlishia. Kumpelekea orodha ya vyakula vya kuacha ni ukatili, hata ukitumwa na ua la waridi kwenye WhatsApp.

Hospitali nazo zina deni. Mgonjwa hutoka kliniki na maagizo ya tarehe, vipimo, ndugu wa kuchangia damu, na kutokula usiku wa kuamkia upasuaji. Damu ya ndugu inakumbukwa. Damu ya mgonjwa mwenyewe, ambayo huenda ilikuwa pungufu tangu siku ya kwanza na ingepandishwa kwa vidonge vya madini ya chuma katika wiki hizo hizo, mara nyingi hukumbukwa asubuhi ya upasuaji, na upasuaji unaahirishwa. Sigara nayo huulizwa ili ijazwe kwenye fomu, wakati Shirika la Afya Duniani linasema kuacha wiki nne kabla ya kisu hupunguza hatari ya matatizo. Kuhusu miguu na mdomo, kimya.

Mazoezi yenyewe si ya kutisha. Ni kutembea kila siku kwa mwendo unaomfanya mtu aheme kidogo lakini bado aweze kuzungumza. Ni kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono, mara kumi, kupumzika, kisha kurudia. Ni kupanda ngazi kama zipo. Ni kumwachia mama ufagio wake.

Mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali nyingi za rufaa yuko jengo la jirani na kliniki ya upasuaji, na mgonjwa huoneshwa mlango wake baada ya kupasuliwa, akiwa tayari anakohoa makohozi mazito. Madaktari wapasuaji, mwandikieni mgonjwa aende pale siku ile ile mnayompa tarehe. Nanyi wa nyumbani, msipoandikiwa, ulizeni.