Waliofungiwa Mlango wa Ngome
Ukipata siku moja ya kutoka Paris kwenda kuona magofu ya Château Gaillard, usiishie kuutazama mto Seine unaopita chini ya kilima. Richard wa Kwanza wa Uingereza aliijenga ngome hii kati ya 1196 na 1198 ili kuilinda Normandy. Ukuta wake wa ndani una mabenuko ya mviringo yaliyopangwa bega kwa bega, kazi ya mafundi hodari kwelikweli. Lakini Philip wa Pili wa Ufaransa alipoizingira mwaka 1203, watu wa mji ulio chini walikimbilia humo. Chakula kilipopungua, kamanda Roger de Lacy aliwatoa nje. Kundi la mwisho lilikuta jeshi la Wafaransa limeziba njia, na nyuma yao lango limefungwa. Wakakwama bondeni katika baridi kali, wakila majani, na wengi wakafa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Machi 1204 ngome nayo ikaanguka. Tusifu wajenzi, ni haki yao. Ila kila tunapopanda ngome yoyote, tuwaulizie kwanza waliofungiwa mlango.