Dada staa, kinda la njiwa halikuhitaji nepi, lilihitaji plasta

Leo niongelee ile klipu ya yule dada wa bongo movie (jina kapuni, mnamjua) na kinda lake la njiwa lenye miguu iliyotanuka pembeni kama chura. Watu wamecheka mpaka basi, wengine wamemshauri amtie sufuriani. Dada naye kila siku na jipya: mara kamfunga kitambaa shingoni, mara nepi ya pinki, juzi kampiga picha juu ya meza ya kioo. Meza ya kioo, jamani!

Mimi nafuga njiwa Mbagala, zaidi ya miaka kumi sasa, na siandiki kwa chuki. Kazi zake nazipenda. Ila kwa huyu ndege amekosea, na nyie mnaosema "hiyo nuksi, chinja" mmekosea zaidi.

Ile si nuksi, na mara nyingi hata hazaliwi nayo. Kinda la njiwa hutoka kwenye yai baada ya siku 18 hivi, macho yamefumba, mifupa laini. Baba na mama wote wanamlisha yale maziwa yanayotoka kwenye gole, basi uzito unapanda haraka kuliko miguu inavyokaza. Ukimlaza kwenye ubao mtupu au beseni la plastiki, kila akijisukuma miguu inateleza na kwenda pembeni. Akiwa peke yake kiotani ndio balaa, mzazi anamlalia kwa uzito wote. Na kama mama alitaga akiwa hana madini ya kutosha (maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kupondwa yanasaidia sana), mifupa inakuwa dhaifu zaidi.

Kinda wangu wa kwanza mwenye miguu hiyo nilimchinja. Alikuwa na siku tisa. Jirani kaniambia ataleta mkosi bandani, nami nikasikiliza. Wa pili nilimpeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, mfugaji wa siku nyingi.

"Shikamoo babu. Huyu naye si wa kuchinja tu?"

"Marahaba. Umchinje ana kosa gani? Kateleza kwenye ulichomtandikia wewe."

Sikuwa na jibu. Akachukua plasta laini, akazungusha mguu mmoja juu kidogo ya vidole, akaacha nafasi sawa na upana wa njiwa akisimama, akazungusha na wa pili, kama pingu. Hakukaza, damu lazima ipite. Tukamrudisha kwa wazazi wake kwenye kiota chenye vijiti na majani makavu ya kukamata kwa vidole. Kila siku nakagua kama vidole vimevimba au vimebadilika rangi, na plasta ikianza kubana nabadilisha, maana kinda hukua usiku mmoja tu. Haikufika wiki akasimama. Ninaye mpaka leo, na ameshalea makinda yake.

Sasa rudini kwenye klipu ya kwanza ya dada. Kinda bado uchi, manyoya hata hayajachomoza. Hapo ndipo palikuwa pa kuwahi, mifupa ikiwa bado inakubali kuelekezwa. Ya jana manyoya yamefunika mwili. Hizo wiki zote zimeishia kwenye nepi! Na yule mtangazaji aliyemwalika studio, akamminia ndege maziwa ya ng'ombe na mkate mdomoni huku watu wanapiga makofi? Ndege hana tumbo la maziwa hayo, na ukimmiminia hovyo yanaingia mapafuni. Kama wazazi wapo na wanalisha, waachie kazi yao. Studio nzima ile, hakuna aliyesema "tumpigie daktari wa mifugo."

Bado apelekwe. Mifupa ikishakaza plasta ya nyumbani haisaidii, na ukilazimisha unavunja, ndiyo maana nasema daktari. Ikishindikana kabisa, bado anaweza kuishi: atandikiwe kitu laini, chakula na maji viwe chini karibu yake, kifua kisafishwe maana ndicho anachokalia. Ni kazi ya kila siku, na haina kamera.

Kingine, sijui nani ameona. Kwenye picha ya jana, nyuma ya dada, mama njiwa amelalia mayai mawili mapya. Beseni ni lile lile la bluu, chini hamna hata jani. Dada, kama unapita humu, majani makavu na vijiti weka leo jioni. Yakianguliwa, kila asubuhi waangalie miguu kwanza, simu ikae pembeni.