Kovu la Mkono Silo Kinga ya Mapafu

Katika shule za bweni za Meru na Embu, mwanafunzi anapokohoa majuma mawili au matatu, mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba hawezi kuwa na kifua kikuu maadamu alichanjwa utotoni. Naipinga kauli hiyo, na nasadiki kwamba ni juu yetu walimu wa Biolojia kuiondoa.

Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumiwa mwaka wa 1921, hudungwa humu nchini katika ngozi ya kigasha cha kushoto mtoto azaliwapo. Humkinga mtoto mchanga dhidi ya kifua kikuu cha utando wa ubongo. Katika mapafu ya kijana, ulinzi wake ni hafifu, na yaelekea sababu mojawapo ni mahali zinapokaa seli za kinga.

Seli T zikishapambana na maradhi huacha seli za kumbukumbu. Jeni zake ni karibu zile zile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinazofanya kazi na zipi zilizolala. Mwaka wa 1999 Federica Sallusto, Antonio Lanzavecchia na wenzao walionyesha kwamba baadhi ya seli hizo hubeba protini ya CCR7, inayoziongoza kwenye tezi za limfu. Zisizo nayo huelekea kwenye tishu zenye maambukizi. Baadaye zikatambuliwa nyingine zisizozunguka mwilini. Protini ya CD69 huzizuia zisitoke, zikawa walowezi wa ngozi, utumbo au mapafu (walowezi wa heri, safari hii). Hata lishe ina neno: vitamini A, ambayo mwili huipata katika karoti na maembe ya Mbeere, husaidia kuzipa seli T anwani ya utumbo.

Mwaka wa 2020 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba tumbili waliodungwa BCG mshipani walipata seli T tele mapafuni, na 9 kati ya 10 wakakingika vyema. Waliodungwa ngozini hawakufika hapo. Hiyo si njia ya kuigwa katika zahanati zetu, lakini ni hoja tosha ya darasani.

Basi mwanafunzi anayekohoa majuma mawili apelekwe akapimwe makohozi, awe na kovu asiwe nalo. Matibabu ya kifua kikuu katika hospitali za umma hayalipiwi. Na madirisha ya mabweni yafunguliwe, hata Julai, baridi ya Mlima Kenya inapouma.