Miezi ya Kungoja: Tuwaandalie Nini Wahitimu Wetu wa Kidato cha Sita?

Kila mwaka ifikapo mwezi Mei maelfu ya vijana wa Tanzania Bara na Zanzibar huweka kalamu chini baada ya mtihani wa Kidato cha Sita. Matokeo hutangazwa Julai. Vyuo vikuu hufungua milango yake Oktoba au Novemba. Baina ya mtihani na chuo ipo miezi mitano au sita. Wapo wanaoitwa katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyorejeshwa kwa wahitimu hao mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994, na huko hujifunza ukakamavu na nidhamu. Lakini mafunzo hayo nayo huisha, tena si kazi yake kumwonesha kijana namna mwanasayansi anavyotafuta jibu la swali. Muda unaobaki ni wa kungoja tu, na kijana mwenye akili nyingi asiye na la kufanya hukosa mengi.

Sisi tunaona kwamba muda huo unaweza kutumika vizuri. Rai yetu ni hii: kila mkoa uwe na kambi ya sayansi na uongozi ya wiki tatu kwa wahitimu wenye vipaji, isiyotoza ada, inayosimamiwa na jamii yenyewe.

Kambi za namna hii si jambo geni. Katika Ulaya na Marekani hufanyika wakati wa majira ya joto, shule zinapofungwa. Mojawapo iliyo mashuhuri ni Research Science Institute, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984 kwa juhudi za Admirali Hyman Rickover, yule aliyesimamia ujenzi wa nyambizi za kwanza za nyuklia za nchi hiyo. Vijana walio karibu kumaliza sekondari hukaa wiki sita katika chuo cha MIT, jirani na Boston. Mwanzoni hufundishwa darasani. Kisha kila mmoja huwekwa chini ya mtafiti na kupewa swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Mwisho huandika ripoti na kusimama mbele ya watu kuieleza. Na mafunzo hayo hayalipiwi ada.

Mambo mawili hapo yanatufaa. La kwanza ni lile swali lisilo na jibu kitabuni. Vijana wetu wamezoea kupimwa kwa maswali ambayo mwalimu anayajua majibu yake, na katika shule nyingi zenye maabara hafifu wengi wao husoma kuhusu majaribio kuliko kuyafanya kwa mikono yao. La pili ni kutotoza ada. Kambi inayolipiwa huchagua mifuko ya wazazi kabla ya kuchagua akili za watoto.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya nchi tajiri. Hapana. Profesa Abdus Salam, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alirudi kwao Pakistani mwaka 1951 kufundisha Lahore. Alijikuta peke yake, mbali na wenzake wa fani yake, na mwaka 1954 akalazimika kurudi Cambridge. Machungu hayo hakuyasahau. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia huko Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini waweze kukutana na wenzao bila kuhama makwao. Na kuanzia mwaka 1976, kwa rai yake, yakaanza mafunzo ya kila majira ya joto huko Nathiagali, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Pakistani. Mafunzo hayo yalikuwa ya wanasayansi watu wazima, lakini somo lake ni letu pia: nchi isiyo na mali nyingi iliweza kuileta elimu nyumbani, badala ya kungoja watu wake waifuate ng'ambo.

Hapa kwetu Serikali imeanza, na tunaipongeza. Tangu mwaka 2022 wapo wahitimu waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi wanaopata ufadhili uitwao Samia Scholarship. Mwaka 2025 vijana 50 wakachaguliwa na kupelekwa katika kambi ya maandalizi kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, kabla ya kwenda kusomea sayansi ya data na akili unde. Ni jambo jema sana. Lakini aliyekuwa wa 51 hakuwa mjinga. Na yule wa 500, aliyesoma katika shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia hata mmoja, pengine amepanda mlima mrefu kuliko wote. Huyo ndiye tunayemsemea.

Kambi yenyewe ingekuwaje? Mahali si shida kubwa. Septemba mabweni na maabara za vyuo vingi huwa na nafasi, kwa kuwa wanafunzi wako likizo ndefu. Waalimu tunao katika safu zetu za Sala: wahandisi, wauguzi, maafisa kilimo, mafundi wa maabara, wahadhiri. Kila mmoja akitoa siku nne za likizo yake, wiki tatu zitajaa.

Na maswali yametuzunguka. Katika Arusha, Manyara na Singida yako maji yenye madini ya floraidi kupita kiasi, yanayochafua meno ya watoto na kudhuru mifupa. Vijana wapime visima vya vijiji vitano na kuchora ramani yake. Zanzibar, akina mama wakulima wa mwani wameona aina yenye bei nzuri ikishindwa kustawi kadiri maji ya pwani yanavyozidi joto. Vijana wapime joto hilo, wawasikilize akina mama, walinganishe. Vipimo vya namna hiyo havihitaji mitambo ya mamilioni.

Kuhusu uongozi, tusidhani kwamba ni kumfundisha kijana kutoa hotuba na kuvaa tai. Aliyepima kisima cha kijiji ana deni kwa wanakijiji. Arudi kwao, asimame mbele ya wazee na akina mama, awaeleze kwa Kiswahili chepesi alichokikuta, hata kama habari si nzuri, na ajibu maswali yao. Kisha, kabla chuo hakijafunguliwa, atumie siku chache katika shule aliyotoka, awafundishe wadogo zake yale aliyojifunza. Huo ndio uongozi tunaouhitaji, na kambi isiyozaa utumishi huo itakuwa matembezi tu.

Wapo watakaouliza, kwa nini wenye vipaji peke yao? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba kipaji kisipimwe kwa alama tupu. Alama zisomwe pamoja na shule zilikotoka. Daraja la pili kutoka shule isiyo na maabara huenda likawa na uzito kuliko daraja la kwanza la shule yenye kila kitu.

Wengine watahofia mabinti kulala mbali na nyumbani. Hofu ya mzazi tunaiheshimu, na dawa yake ni matayarisho: mabweni mbalimbali, walezi wa kike wanaofahamika, na wazazi kukaribishwa kuona kwa macho yao. Tusimnyime binti nafasi kwa uzembe wetu wa kutotayarisha.

Sasa misikiti ifanye nini? Tunapendekeza kila jamaa ichague watu wanne mwezi Juni. Kazi yao ya kwanza iwe kuwajua kwa majina wahitimu wote wa eneo lao, na kuuliza nani hana cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, nani hajui kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kabla dirisha halijafungwa. Kijana aliyefaulu akakosa chuo kwa sababu ya karatasi moja ni hasara ya jamaa nzima, na hiyo inazuilika hata kabla ya kambi kuanza. Kazi ya pili iwe kukusanya chakula. Mchele, maharage na mafuta ya vijana 40 kwa wiki tatu ni mzigo ambao misikiti kumi ikishirikiana hauwezi kuishinda. Mara ngapi tumechangia zaidi ya hapo kwa karamu ya siku moja?

Haba na haba hujaza kibaba. Mkoa mmoja ukianza na vijana 40, mikoa mingine itaona. Tusingoje mpaka vijana hawa wawe maprofesa ng'ambo ndipo tujivunie kwamba walikuwa wetu. Tuwajue sasa, wangali wanangoja.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.